Msako, Mnara wa Simu na Kizimba: Historia ya Upekuzi na Ushahidi Newtown, Johannesburg

Newtown, kitongoji kidogo kilicho magharibi mwa kitovu cha Johannesburg, kilizaliwa ndani ya uzio wa polisi. Kabla ya 1904 eneo hilo liliitwa Brickfields, kwa sababu watu walifyatua matofali kwenye udongo wake, na jirani yake kulikuwa na mtaa waliotengewa Wahindi. Machi 1904 tauni ililipuka katika mtaa huo. Mohandas Gandhi, wakati huo wakili kijana mjini humo, alikuwa miongoni mwa waliowauguza wagonjwa wa kwanza. Serikali ya mji haikusubiri. Polisi waliuzingira mtaa, wakazi wakatolewa na kupelekwa Klipspruit, mbali na mji, na nyumba zao zikatiwa moto. Mwaka huohuo ardhi iliyobaki ikapimwa upya na kupewa jina jipya: Newtown.

Hakuna mahakama iliyoulizwa kama polisi walikuwa na haki ya kuingia katika nyumba zile. Swali hilo lilichukua zaidi ya miaka tisini kupata mlango wa kuingilia katika sheria ya Afrika Kusini, na njia yake ilipita kwenye majengo mawili yaliyo karibu na Newtown. Kusini, kando ya barabara kuu ya M1, lipo jengo refu la rangi ya buluu lililofunguliwa mwaka 1968 kwa jina la John Vorster Square, makao ya polisi wa usalama. Kaskazini, ukivuka reli kwa Daraja la Nelson Mandela lililozinduliwa mwaka 2003 na kupita Braamfontein, ipo Mahakama ya Katiba. Kati ya majengo hayo mawili hakuna kilomita tatu.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini Mwafrika wa Johannesburg alifahamiana na upekuzi kupitia pasi. Sheria ya mwaka 1952 ilikusanya pasi za aina mbalimbali katika kijitabu kimoja, ambacho watu walikiita dompas. Wakenya waliovalishwa kipande shingoni wakati wa ukoloni wangekitambua bila kuelezwa. Askari aliweza kumsimamisha mtu popote na kumtaka akitoe. Asiyekuwa nacho, au aliyekuwa nacho bila mhuri unaotakiwa, alikuwa tayari ametenda kosa. Hapakuhitajika shahidi wala kielelezo, maana mfuko mtupu ndio uliokuwa ushahidi wenyewe. Kesi zilimalizwa kwa dakika chache, moja baada ya nyingine, na wengi wa waliotiwa hatiani waliishia Number Four, gereza la Waafrika katika ngome kongwe ya Johannesburg. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, baada ya mamilioni ya watu kukamatwa. Ofisi iliyosimamia pasi hizo mjini, nambari 80 Mtaa wa Albert, ndiyo ile ile iliyoungua usiku wa Agosti 31, 2023, wakati huo ikiwa imejaa wapangaji maskini, na kuua watu 76.

Makosa mengine yalihitaji ushahidi, na hapo Afrika Kusini ilifuata kanuni ya Waingereza: ushahidi unaohusika na kesi unapokelewa, na namna ulivyopatikana si kazi ya mahakama. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Bloemfontein iliamua kwamba alama ya kiganja iliyochukuliwa kwa nguvu inaweza kutumika dhidi ya mtuhumiwa, kwa kuwa mwili si ulimi na kuonyesha kiganja si kutoa maneno. Kanuni hiyo, hata hivyo, ilipata umaarufu wake katika Dola nzima ya Kiingereza kutokana na kesi iliyoanzia Kenya.

Mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa kupambana na Mau Mau, mfanyakazi wa shamba la mzungu aitwaye Kuruma wa Kaniu alikuwa akiendesha baiskeli siku yake ya mapumziko kuelekea nyumbani. Alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na kupekuliwa. Askari walisema wamemkuta na risasi mbili na kisu cha kukunja. Kwa kanuni za hali ya hatari, kukutwa na risasi bila ruhusa kulitosha kumpeleka mtu kitanzini. Kanuni hizohizo zilisema upekuzi wa namna ile ufanywe na afisa wa cheo cha inspekta msaidizi au zaidi, na waliompekua Kuruma walikuwa wa chini ya hapo. Kisu hakikuletwa mahakamani. Watu waliokuwapo wakati wa upekuzi hawakuitwa wote kutoa ushahidi. Isitoshe, Kuruma angeweza kupita njia nyingine isiyokuwa na kizuizi, jambo linalomfanya mtu ajiulize kwa nini mwenye risasi mfukoni ajipeleke mwenyewe mikononi mwa polisi.

Alihukumiwa kifo. Rufani yake ilifika Baraza la Faragha jijini London, mahakama ya mwisho kwa makoloni, na mnamo Desemba 1954 Lord Goddard akatoa uamuzi: kipimo cha ushahidi ni kama unahusika na suala lililo mbele ya mahakama. Ukihusika unapokelewa, hata kama upekuzi ulivunja sheria. Jaji aliacha upenyo mdogo tu, kwamba hakimu anaweza kuukataa ushahidi pale ambapo kanuni kali zingemwonea mshtakiwa, kisha hakuutumia upenyo huo kwa Kuruma. Wanasheria wengi wameisoma hukumu hii kama fundisho la mantiki ya sheria. Akiisoma mtu aliyewahi kubambikiwa kesi, ataona kwamba kilichopuuzwa ni kile kinachomlinda asibambikiwe. Cheo cha mpekuzi kilitajwa katika kanuni ili awepo mtu wa kuwajibika pale kitu kinapodaiwa kutolewa mfukoni mwa mwingine.

Mahakama za Afrika Kusini zilinukuu hukumu ya Kuruma kwa miongo iliyofuata. Ungamo pekee lilikuwa na ulinzi: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1977 ilisema ungamo lisilotolewa kwa hiari halipokelewi. Lakini kifungu kilichofuata kiliruhusu kitu kilichogunduliwa kutokana na ungamo hilo batili kipokelewe, yaani mtu akiteswa akaonyesha bunduki ilipofichwa, maneno yake yangetupwa na bunduki ingebaki. Polisi wa usalama walielewa maana ya tofauti hiyo.

Usiku wa Oktoba 22, 1971, gari aina ya Ford Anglia lilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi Coronationville, magharibi mwa Newtown. Ndani walikuwamo Ahmed Timol, mwalimu wa shule kutoka Roodepoort, na rafiki yake Salim Essop, mwanafunzi wa udaktari. Polisi walifungua buti na kukuta machapisho ya Chama cha Kikomunisti, kilichopigwa marufuku. Kwa mujibu wa sheria ya siku hizo upekuzi ule haukuhitaji kujitetea. Vijana hao wawili walipelekwa John Vorster Square. Essop aliteswa mpaka akaishia hospitali, na mwaka uliofuata alifungwa miaka mitano chini ya Sheria ya Ugaidi. Timol hakufika mahakamani. Tarehe 27 Oktoba alianguka kutoka juu ya jengo hilo, na polisi wakasema alijirusha kupitia dirisha la chumba nambari 1026 kwenye ghorofa ya kumi.

Uchunguzi wa kifo mwaka 1972 ulikubali maelezo ya polisi: alijiua, hakuna wa kulaumiwa. Familia haikuyakubali, na miaka 45 baadaye ikafanikiwa kuufungua upya. Mwaka 2017 Jaji Billy Mothle alisikiliza ushahidi ambao hakimu wa kwanza hakuutaka. Madaktari walisoma upya ripoti ya uchunguzi wa maiti na kutenganisha majeraha ya kuanguka na yale yaliyokuwapo kabla. Mtaalamu wa mwendo wa vitu angani alipima mahali mwili ulipoangukia na kuonyesha kwamba hadithi ya kujirusha dirishani haikuoana na hesabu. Essop, sasa mtu mzima, aliwaonyesha wanasheria vyumba alivyoteswa. Wakili George Bizos, aliyesimama upande wa familia mara ya kwanza, alirudi safari hii kama shahidi. Oktoba 12, 2017, jaji aliamua kwamba Timol alisukumwa, na kwamba kifo chake kilikuwa mauaji. Joao Rodrigues, askari aliyedai kuwa peke yake na Timol chumbani dakika za mwisho, alishtakiwa mwaka 2018 na akafa 2021 kabla kesi haijasikilizwa. Mahabusu wanane walikufa katika jengo hilo kati ya 1970 na 1990, akiwemo daktari na mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi Neil Aggett mwaka 1982. Uamuzi kwamba Aggett naye hakujinyonga ulitolewa Machi 2022.

Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipoanguka, waandishi wa katiba mpya walikuwa na majina hayo vichwani. Mahakama ya Katiba ilizinduliwa Februari 1995, na hukumu yake ya kwanza kabisa, ya Aprili mwaka huo, ilihusu ungamo: ilifuta kifungu kilichomlazimisha mshtakiwa athibitishe kwamba hakulazimishwa, badala ya serikali kuthibitisha kwamba aliungama kwa hiari. Kisha ikaja Katiba ya 1996. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kutopekuliwa mwili, nyumba wala mali, na ya mawasiliano yake kutoingiliwa. Ibara ya 35(5) ndiyo inayoipa haki hiyo meno. Inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki yoyote iliyomo kwenye Sheria ya Haki lazima uondolewe, iwapo kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu kwa namna nyingine utoaji haki. Kuruma, kwa upande wa Afrika Kusini, aliishia hapo. Kenya yenyewe ilimwacha mwaka 2010, pale Ibara ya 50(4) ya katiba yake mpya ilipofuata maneno ya Afrika Kusini karibu neno kwa neno.

Ibara ya 35(5) haimlazimishi jaji kutupa kila kitu kilichopatikana kwa kosa. Anapaswa kupima, na majaji walitofautiana mapema. Wapo waliohofia kwamba raia wa kawaida, aliyechoka na wizi wa kutumia silaha, angeshangaa kuona mhalifu anaachiwa kwa sababu askari hakumsomea haki zake vizuri. Wengine walijibu kwamba utoaji haki unaharibika zaidi mahakama inapokuwa mahali pa kuhalalishia kazi chafu. Mahakama ya Juu ya Rufani ilielemea upande wa pili taratibu. Katika kesi ya Pillay, iliyotokana na wizi mkubwa wa fedha Durban, polisi walikuwa wamenasa simu kinyume cha sheria, wakapata maelezo kwa kumwahidi mshtakiwa kwamba hatashtakiwa, kisha wakakuta fedha zimefichwa kwenye dari. Mahakama ilizikataa fedha hizo kama ushahidi dhidi ya mwenye nyumba. Mwaka 2008, katika kesi ya Mthembu, ilikwenda mbali zaidi. Shahidi aliyekuwa mshiriki wa uhalifu alikuwa amepigwa shoti za umeme hadi akaonyesha mali iliyoibwa. Mali hiyo ilikuwepo kweli, na shahidi alirudia maelezo yake mahakamani miaka kadhaa baadaye bila kuguswa na mtu. Majaji walisema bado kuna uzi unaoliunganisha kila neno na mateso yale, na wakauondoa ushahidi wote. Uamuzi huo una uzito kwa sababu haki iliyovunjwa haikuwa ya mshtakiwa bali ya shahidi.

Kuhusu kibali cha upekuzi, sheria ya 1977 inaendelea kutumika: polisi wanahitaji hati ya hakimu au jaji, isipokuwa mwenye mali akikubali au askari akiwa na sababu za msingi kuamini kwamba hati ingetolewa na kwamba kuisubiri kungeharibu lengo la upekuzi. Mahakama ya Katiba imeibana milango ya pembeni. Mwaka 2011 ilisema hati lazima itaje kosa linalochunguzwa, ili anayepekuliwa na anayepekua wote wajue mipaka, na mwaka 2016 ikafuta kifungu cha sheria ya dawa za kulevya kilichowaruhusu polisi kuingia majumbani bila hati.

Simu za mkononi zilileta upekuzi usiobisha hodi. Kila simu inapopigwa au ujumbe unapotumwa, mtandao huandika namba, saa na mnara uliobeba mawasiliano. Newtown, ambako minara imesongamana, kumbukumbu hiyo inaweza kumweka mtu ndani ya mita mia chache. Kwenye nyika ya Karoo mnara mmoja hufunika kilomita nyingi, na shahidi anayesema simu ilikuwa chini ya mnara fulani anakuwa amesema machache sana. Mawakili wa utetezi wamejifunza kuuliza swali hilo kwanza. La pili ni kama simu ilikuwa mkononi mwa mwenye laini. Rekodi hizi kwa kawaida hupatikana kupitia kifungu cha 205 cha sheria ya 1977, ambapo mwendesha mashtaka humwomba hakimu aitake kampuni ya simu izitoe. Ni njia nyepesi, na ndiyo iliyozoeleka.

Kusikiliza maneno yenyewe kuna utaratibu mzito zaidi, angalau kwenye karatasi. Sheria ya RICA, iliyopitishwa mwaka 2002 na kuanza kutumika 2005, inataka kibali cha jaji maalumu aliyeteuliwa. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyowafanya wananchi wasajili laini zao. Mwombaji wa kibali alikwenda kwa jaji peke yake, na aliyesikilizwa hakuambiwa kamwe, hata uchunguzi ukiisha. Mwanahabari Sam Sole wa kituo cha amaBhungane aligundua kwamba simu zake za mwaka 2008 na mwendesha mashtaka Billy Downer zilinaswa, kwa sababu tu nakala ya mazungumzo ilijitokeza kwenye nyaraka za kesi nyingine. Kesi yake ilifika Mahakama ya Katiba, na Februari 4, 2021, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mbuyiseli Madlanga, RICA ilitangazwa kuwa kinyume cha katiba katika mambo kadhaa. Mahakama ilitaka aliyenaswa aarifiwe ndani ya siku 90 baada ya kibali kuisha, wanasheria na wanahabari walindwe zaidi, na uhuru wa jaji anayetoa vibali uhakikishwe. Unasaji wa jumla, ule wa kuchota mawasiliano ya watu wote kutoka kwenye nyaya za kimataifa, haukuwa na sheria yoyote iliyouruhusu. Bunge lilipewa miaka mitatu.

Marekani, iliyokuwa na kanuni ya kuondoa ushahidi haramu miongo mingi kabla ya Afrika Kusini, ilifika mahali panapokaribiana kwa njia yake. Mwaka 2012 Mahakama yake ya Juu iliamua kwamba kubandika kifaa cha GPS kwenye gari la mtu ni upekuzi, na 2018 kwamba kupata historia ya mahali simu ilipokuwa kunahitaji kibali. Johannesburg vifaa vya kufuatilia magari vina sura nyingine, kwani mara nyingi vimewekwa na mwenye gari mwenyewe au na bima yake, na polisi wanafuata gari lililoibwa kwa idhini ya mwenyewe. Hapo hakuna faragha ya mwizi ya kulindwa.

Sauti na picha zilizorekodiwa na raia zimezua mabishano ya aina tofauti: si nani aliruhusu, bali kama nakala ni ya kuaminika. Januari 2007 jaji wa Mahakama Kuu, Nkola Motata, aligonga gari lake kwenye ukuta wa nyumba mjini Johannesburg. Mwenye nyumba alimrekodi kwa simu na kuhamishia sauti kwenye kompyuta. Utetezi ulipinga nakala hizo kwa siku nyingi. Mahakama ilizipokea, na mwaka 2009 jaji akatiwa hatiani kwa kuendesha gari amelewa. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ya 2002 ilikwisha kusema kwamba data haikataliwi eti kwa sababu tu ni data. Uzito wake hutegemea jinsi ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na inavyotambulishwa na shahidi. Motata aliondolewa kwenye ujaji mwaka 2024, baada ya kura ya Bunge.

Huku wanasheria wakibishana juu ya minara na rekodi, msako wa kizamani ulirudi mitaani. Kati ya katikati ya 2017 na Mei 2018 polisi, wakifuatana na maafisa wa uhamiaji na wa jiji, walivamia mara kwa mara majengo kumi na moja ya wapangaji maskini katikati ya Johannesburg. Walikuja usiku, wakawatoa watu nje kwa nguo za kulalia, wakawapanga barabarani, wakachukua alama za vidole na kupekua vyumba. Hati ya hakimu haikuwepo. Walitumia kifungu cha 13(7) cha Sheria ya Polisi ya 1995, kinachomruhusu kamishna kuzingira eneo na kuwapa askari wake mamlaka ya kupekua mtu yeyote na nyumba yoyote ndani ya mzingo. Wengi wa waliotolewa walikuwa wahamiaji, na walioshindwa kuonyesha karatasi za ukaazi walipelekwa kituoni. Wazee waliokumbuka dompas hawakuhitaji kuambiwa wanachokiona.

Wakazi walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 2020, na tarehe 22 Oktoba 2021 Mahakama ya Katiba, kwa hukumu ya Jaji Nonkosi Mhlantla, ikakubali kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba pale kinaporuhusu nyumba ya mtu kupekuliwa bila hati. Mamlaka ya kuzingira eneo yalibaki. Kilichoondolewa ni ruhusa ya kuyatumia mamlaka hayo kuvuka kizingiti cha nyumba. Hukumu ilitoka katika jengo ambalo sehemu ya kuta zake zimejengwa kwa matofali ya gereza la mahabusu lililobomolewa papo hapo, na maskini wa jengo lolote la Johannesburg anayebishiwa hodi usiku bila hati sasa anaweza kuitaja kwa tarehe yake.